Mbona Hajakuchora?

Mama yake Pembe alikuwa na hoja moja kubwa dhidi ya yule mchoraji, na kila siku aliipigilia kama msumari uleule kwenye ubao uleule: mbona hajakuchora?

Hoja nyingine alikuwa nazo, mama gani atazikosa. Kwamba bwana mwenyewe ni kiguu na njia, leo yuko hapa, kesho hujui yuko bandari gani. Kwamba akiulizwa kwao ni wapi anataja miji mitatu. Kwamba kucha zake hazijawahi kuwa safi. Hayo yote mama angeweza kuyameza, maana hata marehemu mume wake, fundi wa fremu, alizikwa na gundi kwenye kucha. Lililomkaa kooni ni lile la picha.

"Amechora punda wa watu," mama alisema huku akikunja nguo, na kila nguo aliikunja kwa hasira kuliko iliyotangulia. "Amechora mlango wa bohari. Amechora bibi mmoja muuza ndoo huko mbali tusikokujua, na ndoo zenyewe akazichora moja moja. Wewe mtaa mzima unajua unavyompenda, na hajakuchora hata sikio. Mwanangu, mtu akikupenda anakuangalia. Huyu hakuangalii."

Pembe alimpa nguo nyingine akunje. Jibu alikuwa nalo, lakini lilikuwa jibu ambalo ukilitamka mbele ya mama linageuka kuwa uongo mtupu.

Pembe si jina alilopewa na wazazi wake. Mtaa ndio uliombatiza, kwa sababu ya fremu zake. Baba yake alipofariki watu walidhani karakana itafungwa, wakashangaa kusikia msumeno unalia kama kawaida, na aliyeushika ni binti. Sasa, fremu ya picha ina pembe nne, na kila pembe ni vipande viwili vya mbao vilivyokatwa mshazari vikakutanishwa. Fundi wa kawaida akivikutanisha hubaki kaufa kadogo, anakajaza gundi na vumbi la mbao, maisha yanaendelea. Fremu za yule binti hazikuwa na ufa. Mafundi wenzake walikuja na wembe kujaribu kama utapenya, wakashindwa, wakaondoka wakiguna. Jina likakaa.

Mchoraji naye alikuja karakana kwa ajili ya pembe hizo, akaendelea kuja kwa ajili ya mwenye nazo.

Huyu bwana hakutumia brashi. Alikuwa na visu vyembamba visivyo na makali, vyenye kupindika kirahisi, na kwa visu hivyo alichota rangi ya mafuta kama mtu anayepaka siagi kwenye mkate wa mwenzake, bila ubahili. Aliibandika kwenye turubai, akaivuta, akaikwangua, akaibandika tena mpaka ikafanya matuta. Mlima wake ulikuwa na mgongo kweli, ungeweza kuupapasa ukiwa umefumba macho. Ila rangi nene namna hiyo haikauki leo wala kesho. Juu hufanya ngozi, ukadhani imekauka, kumbe ndani bado laini, na picha zilizo nene sana huchukua miezi na miezi mpaka zishikamane hadi ndani.

Pembe alijifunza hilo kwa aibu. Picha ya kwanza aliyoletewa ilikuwa ya bahari. Akaiona imekauka, akaibana kwenye fremu, na dole gumba lake likazama katikati ya mawimbi. Alisimama pale amepauka, akisubiri kugombezwa. Mchoraji aliinama akalitazama lile shimo la dole kwa muda, akacheka, akasema vizuri, sasa bahari ina kisiwa, mtu yeyote asikiguse. Kama mnataka kujua Pembe alianza kumpenda lini, ni hapo.

Sasa lile jibu lisilosemeka. Mchoraji hakuwahi kuchora kitu kilicho mbele yake. Aliposafiri alibeba visu na rangi zake zote, lakini mji aliokuwemo hakuugusa. Aliutembea tu, asubuhi hadi jioni, mikono mfukoni. Akishaupa kisogo ndipo mkono ulipoanza kumwasha.

Pembe aliligundua hilo siku alipomwomba, kwa utani uliokuwa na ukweli ndani yake, kwamba na yeye achorwe kama yule bibi wa ndoo. Walikuwa karakana, mchana, na mlango uko wazi. Mchoraji alikuwa akimshikia ubao aukate, na utani ukamwisha usoni.

"Siwezi," alisema. "Kitu nikiwa nacho, mkono wangu hauna haja nacho. Nachora nikishakiaga."

"Kukiaga ndiyo kufanya nini?"

"Kujua kwamba sirudi. Nikijua nitarudi, hata mstari hautoki." Akamtazama kwa yale macho yake, na siku hiyo yalikuwa macho ya mtu aliyefika, yasiyo na haraka ya kwenda kokote. "Wewe omba nisikuchore. Siku nikikuchora, ujue nimekwenda."

"Basi usinichore."

"Sikuchori."

Wasichana wengine huvishwa pete. Pembe alivishwa hilo neno moja, na alilivaa kila siku. Mama aliposema hajakuchora, yeye moyoni alisikia anakupenda. Majirani walipomuuliza kwa kejeli kama na yeye yumo kwenye zile picha za bwana wake, alijibu hayumo, na alijibu kwa fahari kiasi kwamba walidhani amechanganyikiwa.

Kisha mchoraji akapata safari ndefu, kwa meli. Miaka ile kusafiri kulikuwa kusafiri kweli: mtu akishapanda ngazi ya meli amekwenda, na habari zake utazipata kwa bahati. Alimwahidi Pembe kwamba akirudi atamposa. Akakaa huko karibu mwaka. Pembe alisubiri kama wasubirivyo watu wenye kazi, yaani huku akikata mbao. Mama alimtafutia mwalimu mmoja mpole mwenye baiskeli mpya, Pembe akamkataa. Akamtafutia mwingine, huyo hata jina lake Pembe hakulisikiliza. Mama akakasirika, akakata tamaa, akakasirika upya.

Na kweli mchoraji akarudi. Alikuja karakana moja kwa moja kutoka bandarini, hajaoga, begi begani, amekonda. Pembe aliangusha patasi nusura imkate mguu. Walitazamana weeee, na Pembe alipomkumbatia alimsikia anatetemeka, akadhani ni furaha. Hata wiki haikwisha, akamposa. Alikuwa na haraka ya ajabu. Alisema tuoane mapema, tusingoje hiki wala kile, na Pembe aliyekuwa amengoja mwaka mzima angeanzaje kuuliza haraka ya nini.

Mama hakukubali, wala hakukataa. Alisema atakwenda kumwona mtu huyo anapokaa, kwa sababu chumba cha mtu hakijui kudanganya. Akamchukua na wifi yake, yaani shangazi yake Pembe, maana shangazi ana jicho la kuona na ulimi wa kusema alichokiona.

Mchoraji alipanga chumba juu ya duka la fundi cherehani. Ngazi zilikuwa za mbao, zimechoka, na shangazi alizipanda huku akiyalalamikia magoti yake kila hatua, akauliza kama huyu mkwe mtarajiwa anataka kutoa mahari au kutoa rambirambi. Chumbani palikuwa na kitanda kilichotandikwa kikakazwa, meza, viti vya kuazima, na harufu ya tapentaini ya kuyeyushia rangi iliyomfanya mama afunike pua kwa ncha ya mtandio. Picha ziliegemezwa ukutani, nyingi, zimegeuzwa nyuso. Mchoraji alikuwa amevaa koti na tai. Kwenye tai palikuwa na doa la rangi ya samawati, na Pembe alipoliona alitamani kucheka na kulia kwa pamoja, jinsi alivyompenda.

"Shikamoo, mama. Shikamoo, shangazi."

"Marahaba," mama alisema, kavu kabisa.

Chai ikamiminwa. Mama akauliza maswali aliyokuja nayo. Unakaa hapa mpaka lini, utamweka wapi mtoto wa watu, ukisafiri atabaki na nani, ukiumwa huko nani atatuambia. Mchoraji alijibu yote kwa adabu, macho chini. Alisema hasafiri tena. Pembe aligeuka kumtazama, kwa sababu hilo hakuwa amelisikia kabla. Yeye hakumtazama.

Wakati huo shangazi alikuwa ameshaacha kikombe chake, yuko ukutani, anazipekua zile picha moja baada ya nyingine kama mtu anayechagua vitenge dukani. Huu ni mto, alisema. Hili ni soko. Hii sijui ni moto au ni machungwa. Mama hakumsikiliza, alikuwa anafika kwenye msumari wake.

"Nikuulize kitu kimoja bwana, halafu niondoke," alisema. "Mbona hujamchora mwanangu?"

Mchoraji aliinuka kuongeza chai. Pembe alikuwa anajiandaa kumwokoa, anatafuta neno, ndipo sauti ya shangazi ikatoka kule pembeni, na kwa mara ya kwanza siku hiyo ilikuwa sauti ya chini.

"Wifi," alisema. "Njoo uone."

Alikuwa ameivuta picha iliyokuwa nyuma ya zote na kuisimamisha juu ya kitanda. Alikuwa Pembe. Amesimama mlangoni pa karakana, ubao begani, uso umegeuka nusu kama aliyeitwa na mtu anayemjua. Rangi ilikuwa nene kuliko zote ambazo Pembe aliwahi kuuona mkono ule ukiziweka. Begani mwanga ulikuwa umebandikwa kwa mapigo mazito ya njano, kila pigo limeachwa lilivyoanguka. Vumbi la mbao kwenye nywele zake lilikuwa limekwaruzwa kwa ncha ya kisu, chembe kwa chembe. Hata kale kakovu ka kwenye kidevu, ka kujikata utotoni, ambako yeye mwenyewe alikuwa amekasahau, kalikuwepo.

Huko chini cherehani zilikuwa zinakimbia.

Mama alikwenda akasimama mbele ya ile picha. Alinyanyua mkono kama wa kumgusa mtoto shavu, akaurudisha. Alipogeuka machozi yalikuwa yanamtoka wazi, wala hakujishughulisha kuyafuta.

"Kumbe ulikuwa unamwangalia," alimwambia mchoraji. "Mimi nimemzaa, na sijawahi kumwona hivi. Nisamehe, mwanangu."

Mwanangu. Dakika tano tu nyuma alikuwa bwana. Mama akamshika mikono yote miwili, na zile kucha alizozisimanga miaka akazibana viganjani mwake, akasema amekubali, tena kwa moyo mweupe, na hata marehemu angekubali. Shangazi alipiga kigelegele kilichowasimamisha mafundi wa chini, akamwita mchoraji mkwe, akampiga begani. Halafu akamkonyeza wifi yake na kumshika mkono, washuke wawaache vijana wazungumze, si wanaona binti ameishiwa maneno kwa furaha.

Pembe alikuwa ameishiwa maneno kweli.

Walipobaki wawili hakuna aliyekaa. Mchoraji alikwenda kuifunika picha kwa shuka, kisha akaona aibu, akaiacha shuka mkononi.

"Nilikuwa nimeificha," alisema.

"Nimeona."

"Si unavyodhani. Nimekuchora wiki iliyopita, hapahapa chumbani." Alikuwa anaongea upesi. "Nilijaribu tu, mkono ukakubali. Nadhani nimepona, Pembe. Nadhani sasa naweza kuchora kitu nilicho nacho."

Na Pembe, jamani, alitaka kuamini. Mbona isiwezekane? Mtu hubadilika. Mtu hukonda, hurudi, huacha safari, kwa nini mkono wake usijifunze jambo jipya? Alimtazama mchoraji usoni kutafuta hilo jambo jipya, na yeye akamtazama, macho yamejaa mapenzi, mapenzi kweli wala si ya kuigiza. Hilo ndilo lililomtia hofu zaidi. Aliyajua macho yale. Ndiyo aliyokuwa akiyaona kila mchoraji alipozungumzia miji aliyoiaga.

Akaisogelea picha. Alichagua mahali penye rangi nene kuliko pote, pale begani, ambapo njano ilikuwa imepanda juu kama mkunjo wa nguo. Akaweka dole gumba, lile lile, akabonyeza. Hakubonyeza kidogo. Alibonyeza kwa nguvu zote za mtu anayeomba rangi izame.

Haikuzama. Ilikuwa ngumu kama ubao, juu na ndani.

"Imekauka," alisema.

"Kulikuwa na jua kali."

"Mpaka ndani, mpenzi wangu."

Hakumwita hivyo kwa kejeli. Mchoraji alikaa kitandani kando ya picha, na shuka ikamwanguka mkononi.

"Lini?" Pembe aliuliza.

"Safarini."

"Safari ya kwenda au ya kurudi?"

Chini, shangazi alikuwa anacheka na mafundi, na mmoja alikuwa anaimba.

"Ya kwenda," alisema.

Basi akamweleza, kwa sababu hakukuwa tena na cha kuficha. Meli ilitia nanga kwenye bandari ya kwanza. Akapanga chumba cha wageni, na kabla hata hajafungua mkoba wa nguo alifungua ule wa rangi. Mkono ulikuwa unamwasha mpaka ukauma. Alimchora mchana kutwa huku akilia, kila kovu, kila chembe ya vumbi. Alipomaliza aliosha uso, akala, akalala usingizi mzito. Asubuhi akaitazama picha na kujua kwamba imekwisha. Hakujua imekwishaje, hakuna jambo baya lililotokea. Imekwisha tu, kama vile miji ilivyokuwa ikiisha.

Pembe alisikiliza hadi mwisho. Kwa hiyo miezi ile yote, akikimbilia mlangoni kila honi ya meli ilipolia, akiwafukuza walimu na baiskeli zao, alikuwa anamsubiri mtu ambaye ameshamlilia, akanawa uso, akala. Hakujua aweke wapi mikono yake.

"Kwa nini ulirudi?"

"Niliahidi. Tena nilidhani nikikuona yatarudi."

"Yamerudi?"

"Nakupenda," alisema mchoraji, na sasa machozi yalikuwa yanamtoka. "Hilo sikudanganyi, sijaacha kukupenda hata siku moja. Lakini nakukumbuka, Pembe. Umekaa mbele yangu, tunakula, tunacheka, na mimi nakukumbuka. Nilijaribu kuikwangua hiyo picha niliporudi. Kisu hakikuingia."

Akapiga magoti. Alisema atakaa. Atauza mikoba, meli hatapanda tena, visu atavitupa baharini kama anataka, ataomba kazi kwa fundi wa milango. Mama ameshakubali, kila kitu kimeshakubaliwa. Atakuwa mume mwema, na hakuna mtu duniani atakayejua zaidi yao wawili.

Hapo Pembe alisita, na tusimlaumu. Ilikuwa rahisi mno. Alichotakiwa ni kunyamaza tu. Kushuka zile ngazi akiwa ameshikwa mkono, kupokea vigelegele, kulala na kuamka kando ya mtu huyu aliyempenda kuliko pumzi yake. Alimwekea mkono kichwani. Nywele zake zilinuka tapentaini kama siku zote. Kwa muda alikuwa amekubali, ila tu hakuwa amesema.

"Ungekuwa mume mwema," alisema. "Najua. Ungeamka mapema uniwashie jiko, na ningezaa ungebeba watoto. Na kila ukinitazama ungekuwa unanisikitikia kama niliyekufa. Nitazeeka na hayo macho? Siwezi, bwana. Nitajikaza mwaka mmoja, wa pili nitakuchukia."

"Usiseme hivyo."

"Nisiposema mimi hutasema wewe. Tazama hata leo umeanza kwa kunidanganya, wewe uliyekuwa hujui kudanganya."

Mchoraji akaubusu mkono wa Pembe kwa ndani, kwenye sugu za msumeno, akakaa ameuweka usoni mpaka Pembe mwenyewe akauvuta taratibu. Kisha Pembe akatoa futikamba mfukoni, ile ya kazi, akaanza kuipima picha, urefu, kisha upana.

"Unafanya nini?" mchoraji aliuliza.

"Mama ataitaka ukutani. Fremu nitaitengeneza mimi." Alikuwa amempa mgongo ili asione uso wake. "Wewe ondoka kabla sijaimaliza. Nikikukuta mtaani baada ya hapo, nitakubali, nami sitaki kukubali."

Alishuka ngazi akiwa amebeba picha kwa mikono miwili, uso wa rangi nje. Njiani alipanga maneno. Angemwambia mama palepale, kwa ufupi, mbele ya watu kama ingebidi, ajue, alie, yaishe.

Chini alimkuta mama katikati ya duka, amejifunga kitambaa cheupe kiunoni kujaribu kama kitafaa kwa harusi, shangazi anamzungusha, mafundi wameacha cherehani zao wanapiga makofi. Mama alikuwa anacheka. Tangu baba afariki Pembe hakuwa amekisikia kicheko kile, kile cha tumboni, cha kuishiwa pumzi. Mama alipoiona picha aliwaita mafundi wote waisogelee. Mwangalieni, alisema, mwangalieni mwanangu alivyopendwa.

Maneno yote aliyoyapanga Pembe yakapotea. Alisema tu kwamba mchoraji ana safari moja ya mwisho, ya kumalizia kazi.

"Aende," mama alisema bila hata kugeuka. "Aliyekuchora hivi atarudi tu."

Mchoraji aliondoka. Pembe hakumsindikiza. Alisikia honi ya meli akiwa karakana, msumeno mkononi, akaendelea kukata.

Ila fremu ile ilimshinda. Alichagua mbao nzuri, akazipiga randa, akakata pembe kama alivyokata maelfu. Vipande vilipokutana kukabaki ufa. Akakata upya, ufa. Kila alipokata ubao ulifupika, mpaka ukawa hautoshi picha, akachukua mwingine, ukawa vilevile. Mkono ulikuwa hautaki. Mwisho alifanya wafanyavyo mafundi wengine wote: akachanganya gundi na vumbi la mbao, akaujaza ufa, akapiga msasa. Mafundi wenzake walikuja kama kawaida yao na wembe. Ukapenya. Walitazamana, wakaurudisha mfukoni, wakamuulizia hali ya mama.

Picha ikatundikwa sebuleni, ukuta unaotazamana na mlango, asiyeiona awe kipofu. Mama aliifuta kila asubuhi kwa kitambaa laini alichokitenga kwa kazi hiyo. Kila mgeni alisimamishwa pale kwanza kabla ya kupewa kiti, akaonyeshwa bega, akaonyeshwa kovu, akaambiwa huyu ni mkwe wangu, yuko safarini. Yule mwalimu mpole alipita siku moja na baiskeli yake, ambayo sasa haikuwa mpya tena, na mama ndiye aliyemfukuza. Kila honi ilipolia bandarini mama ndiye aliyekwenda mlangoni. Pembe alibaki amekaa.

Jioni moja mama alikuwa anaifuta picha kama kawaida, na Pembe yuko kwenye kiti chini yake, anashona kifungo cha koti lake la kazi.

"Na mimi mjinga nilikuwa nasema hakupendi," mama alisema. Akakipitisha kitambaa polepole kwenye bega la njano, pale pagumu. "Atakuja mwezi huu, mwanangu?"

Pembe alikata uzi kwa meno.

"Labda ujao, mama."